IBN BATTUTA: MSAFIRI ALIYELALA MOMBASA USIKU MMOJA

 

Kamati ya wahariri ilinipa kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri wa kale. Wengi walidhani ningemwandika mtu wa kwetu ziwani, maana hao hatukosi. Mimi nimemchagua mtu wa Moroko aliyekufa zaidi ya miaka mia sita iliyopita. Sababu ni swali moja lililoulizwa darasani siku tulipokuwa tukisoma miji ya pwani katika somo la Historia. Mwenzetu mmoja aliinua mkono akauliza historia ya Uislamu inatuhusu nini sisi watu wa Seme, ambao wengi wetu Jumapili tunaelekea kanisani na bahari hatujaiona ila kwenye ramani. Darasa likacheka, lakini lile halikuwa swali la kuchekesha. Lilinikaa kichwani.

Jibu la kwanza liko mdomoni mwetu. Kalamu, kitabu, darasa, karatasi, habari, tarehe, safari: maneno haya yote yalifika kwetu kwa njia ya Kiarabu, yakavaa nguo za Kibantu na sasa ni yetu. Hata jina lenyewe la Kiswahili linatokana na sawahil, yaani pwani. Jibu la pili ni refu zaidi, nalo ni maisha ya mtu huyu. Basi keti vizuri.

Jina lake ni refu kama barabara ya Bondo: Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah bin Muhammad al-Lawati at-Tanji. Dunia nzima humwita Ibn Battuta. Alizaliwa Tangier, kaskazini mwa Moroko, tarehe 24 Februari 1304. Tangier iko pale ambapo bahari nyembamba inatenganisha Afrika na Ulaya, na siku isiyo na ukungu mtu akisimama ufuoni anaiona Hispania ng'ambo, kama sisi tunavyoiona milima ya Homa ng'ambo ya ghuba. Kwao walikuwa Waberberi, ukoo wa makadhi, watu wa sheria. Naye akasomea sheria ya dini kwa madhehebu ya Maliki. Weka jambo hilo akilini, kwa sababu elimu hiyo ndiyo iliyomlisha njia nzima.

Tarehe 14 Juni 1325 aliondoka nyumbani kwenda Makka kuhiji. Alikuwa na miaka 21. Hakuwa na mwenzi wala msafara. Wazazi wake walikuwa hai, na yeye mwenyewe anakiri kwamba kuagana nao kulimuuma. Mahujaji wengi walikwenda na kurudi kwa mwaka mmoja au miwili. Yeye alirudi baada ya miaka 24.

Usidhani alianza kwa ushujaa. Njiani kabla ya Tunis homa ilimshika vibaya hata akajifunga kwenye tandiko la mnyama wake kwa kitambaa cha kilemba ili asianguke. Alipoingia Tunis wenyeji walitoka kuwalaki wasafiri wenzake, huyu akikumbatiana na yule, na yeye hakuna aliyemjua. Akalia machozi mbele za watu. Mwenzetu yeyote aliyefikishwa shule ya bweni siku ya kwanza, mzazi akageuka na kuondoka, anaijua hali hiyo. Hujaji mmoja alimwona, akamjia na kumliwaza kwa maneno mema mpaka akaingia naye mjini. Msafara ulipotoka Tunis, kijana aliyekuwa akilia alikuwa ameteuliwa kuwa kadhi wa msafara ule. Na kabla ya kufika Misri alikuwa ameoa, amekosana na baba mkwe, ameacha, na ameoa tena, na kwenye harusi hii ya pili aliusimamisha msafara mzima siku nzima ili watu wale karamu. Huyo ndiye mtu wetu.

Mwaka 1326 alifika Iskandaria, akauona ule mnara wa taa wa kale ukiwa umebomoka upande mmoja. Huko sheikh mmoja mcha Mungu alimtabiria kwamba atafika Uhindi na Uchina, na akamtaja ndugu zake walioko huko awapelekee salamu. Ibn Battuta hakuwa amewazia mbali hivyo. Neno hilo halikumtoka tena.

Hapa naomba nisimame kidogo nieleze jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita haraka. Mtu mmoja asiye na mali aliwezaje kutembea nchi zote zile bila ndege, bila simu, bila benki? Katika karne ile ya 14, kuanzia Moroko hadi mipaka ya Uchina, kulikuwa na miji ambayo watu wake walisali kwa namna moja, wasomi wake walisoma vitabu vya lugha moja, na mahakama zake zilihitaji watu waliosoma sheria aliyoisoma yeye. Palikuwa na nyumba za kuwapokea wasafiri na madrasa za kuwalaza wanafunzi, na gharama zake zilitoka kwenye wakfu, yaani mali ambayo tajiri ameitoa isiuzwe tena, mapato yake yaendelee kusaidia watu hata baada ya kifo chake.

Alipofika Dameski mwaka ule ule wa 1326 alistaajabia wakfu za mji ule. Palikuwa na wakfu ya kuwapeleka Makka watu wasioweza kwenda, wakfu ya kuwanunulia mabinti maskini vitu vya harusi, wakfu ya kuwakomboa mateka, wakfu ya kutengeneza barabara. Siku moja akipita kichochoroni alimwona mtoto mtumwa ameangusha sahani ya kauri ya Kichina ikavunjika, watu wakamzunguka. Mmoja akamshauri akusanye vipande ampelekee msimamizi wa wakfu ya vyombo. Mtoto akapeleka, akapewa pesa za kununua sahani nyingine kama ile. Bila hivyo, bwana wake angempiga au angalau kumkaripia. Mimi niliposoma hapo nilisimama. Mji uliokuwa na fungu la pesa kwa ajili ya mtoto aliyevunja sahani! Lakini angalia pia kwamba mtoto mwenyewe alikuwa mtumwa. Mambo haya mawili yako pamoja katika kisa kimoja, na yataendelea kuwa pamoja mpaka tumalize.

Alihiji mwaka huo wa 1326, kisha badala ya kurudi kwao akaenda Iraki na Uajemi, akaiona Baghdad ambayo Wamongolia walikuwa wameivunja mwaka 1258, akarudi Makka akakaa akisoma. Tuyapite hayo, maana sasa anakuja kwetu.

Alishuka Yemen hadi Aden, akapanda jahazi la kuja kusini. Kituo cha kwanza kilikuwa Zeila. Mji ulimchukiza kwa harufu, samaki upande huu, damu ya ngamia waliochinjwa njiani upande ule, hata akaona heri alale jahazini ingawa bahari ilikuwa imechafuka. (Nawaza angesemaje angepita mahali omena inapoanikwa wakati wa mvua!) Baada ya safari ya siku 15 akafika Mogadishu. Huko desturi ilikuwa kwamba jahazi likitia nanga, vijana hulifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula, akampa mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Kijana mmoja alipomkaribia Ibn Battuta aliambiwa huyu si mfanyabiashara, ni msomi, na wasomi ni wageni wa sultani. Akapelekwa. Chakula alichopewa amekieleza hata mate yakakutoka: wali uliopikwa kwa samli, kitoweo cha kuku, cha nyama, cha samaki na cha mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye siku ya tatu walizidi kumletea chakula, na siku ya nne, Ijumaa, akavishwa nguo mpya.

Kutoka Mogadishu alielekea nchi aliyoiita Sawahil. Ndiyo, Sawahil, mwaka 1331. Mwanachama wa Chama cha Kiswahili akilikuta neno hilo katika kitabu cha karne ya 14 lazima moyo umdunde kidogo.

Alifika Mombasa akalala usiku mmoja tu. Wale tunaoijua Mombasa kwa picha za Ngome ya Yesu tukumbuke kwamba Wareno hawakufika mpaka mwaka 1498, miaka 167 baadaye. Alichokiona yeye ni kisiwa chenye migomba, milimau na mti wa tunda alilolifananisha na zeituni lakini tamu sana, bila shaka zambarau. Nafaka haikulimwa kisiwani, ililetwa kutoka bara. Chakula cha watu kilikuwa ndizi na samaki. Ndizi na samaki! Ungemleta mtu wa Mombasa wa mwaka 1331 hapa ufuoni asingelala njaa. Misikiti ilikuwa ya mbao, imejengwa imara, na mlangoni pa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili vya kina kifupi ambamo maji yalitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini. Watu walitembea miguu mitupu, na aliyetaka kuingia msikitini aliosha miguu kwanza akaipangusa kwenye mkeka mnene. Aliwasifu kuwa watu wa dini na waaminifu.

Asubuhi akaendelea na safari hadi Kilwa. Hapa ndipo nilipokuwa nikipataka tangu mwanzo.

Kilwa wakati huo ulikuwa mji tajiri kuliko yote ya pwani, kwa sababu dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwake. Mfalme wake alikuwa al-Hasan bin Sulaiman. Watu walimwita Abu al-Mawahib, maana yake baba wa zawadi. Yeye ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea la pembe nane, juu ya mwamba unaotazama bahari. Magofu yake yapo mpaka leo kusini mwa Tanzania, nayo pamoja na magofu mengine ya Kilwa yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Sarafu ya shaba yenye jina la mfalme huyu imeokotwa Zimbabwe Kuu, mbali kabisa ndani ya bara. Hivyo habari zake si hadithi tupu.

Ibn Battuta aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri sana aliyoiona, halafu akaandika kwamba nyumba zake ni za mbao zilizoezekwa kwa nyasi. Wanahistoria wamebishana sana hapo, maana Msikiti Mkuu wa Kilwa ni wa mawe ya matumbawe na ulianza kujengwa karne ya 11. Pengine aliziona nyumba za watu wa kawaida, ambazo ndizo nyingi. Pengine kumbukumbu ilimponyoka, kwani alisimulia baada ya zaidi ya miaka ishirini.

Kisa chake cha Kilwa ni hiki. Mfalme alikuwa akitoka msikitini siku ya Ijumaa kwenda kwake. Fakiri mmoja wa Yemen akamzuia njiani, akamwambia anazitaka nguo alizovaa. Mfalme akakubali. Fakiri akasema anazitaka saa hiyo hiyo. Mfalme akarudi, akaingia nyumbani mwa khatibu, akavua, akavaa nyingine, fakiri akajitwika zile za kifalme kichwani akaenda zake. Watu wakamsifu mfalme kwa unyenyekevu. Mwanawe akamfuata fakiri, akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Mfalme aliposikia jinsi watu walivyosifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Sasa tuulize, watumwa wale walitoka wapi? Ibn Battuta mwenyewe anajibu bila kuona haya. Mfalme alikuwa akiwashambulia watu wa bara mara kwa mara na kuteka nyara, na moja ya tano ya nyara zile aliitenga kwa mambo ya dini na kwa masharifu waliomjia kutoka Hijazi, Iraki na kwingineko. Anamsifu kwa hilo. Mimi simsifu. Kila mara nikisoma kisa hiki sikai upande wa mfalme wala upande wa fakiri. Nakaa na wale ishirini. Hakuna aliyeandika majina yao, wala walikuwa wakiitana vipi kwao, wala waliishia wapi, Yemen au baharini. Walikuwa watu wa bara, kama sisi. Msomi aliyesimama pale akiwatazama aliyakumbuka hata mavazi, lakini nyuso zao hakuzieleza.

Wenzangu wengine watasema nimemhukumu mtu wa kale kwa mizani ya leo. Huenda. Lakini dini yake mwenyewe ilihesabu kumwacha mtumwa huru kuwa tendo jema lenye thawabu, na yeye alikuwa mwanasheria, alilijua hilo kuliko mimi. Pia haifai tuseme hayo yalikuwa ya Waislamu peke yao. Wareno, Waingereza, Wafaransa na wengine waliwavusha watu Bahari ya Atlantiki kwa mamilioni wakiwa na Biblia mkononi. Kila upande una la kujibu.

Nikuongezee kwamba mfalme yule alipokufa alirithiwa na ndugu yake Daud, ambaye akiombwa kitu alijibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Wageni wakangoja mlangoni pake miezi, mpaka wakapungua wenyewe!

Kutoka Kilwa alipanda jahazi kurudi Uarabuni kwa pepo za kusi, akapita Oman na Ghuba, akahiji tena mwaka 1332. Halafu akakata shauri kwenda Uhindi, lakini kwa njia ya kuzunguka ambayo mtu mwenye akili timamu asingeichagua. Alipitia Uturuki, akavuka Bahari Nyeusi, akaingia nchi za Wamongolia kaskazini. Baridi ya huko ilikuwa kali hata akavaa makoti matatu ya manyoya na suruali mbili, akawa mzito hawezi kupanda farasi mpaka wenzake wamwinue. Akitawadha, maji yaliganda ndevuni. Alifika hata Constantinople, ambao leo ni Istanbul, akifuatana na msafara wa mke wa mfalme wa Wamongolia, binti wa Kaizari wa Wagiriki aliyekuwa akienda kujifungua kwao. Mwezi wa Septemba 1333 alifika ukingoni mwa mto Indus.

Delhi ilitawaliwa na Sultani Muhammad bin Tughluq, mtu msomi, mkarimu ajabu, na mwuaji. Alihitaji wageni wa kuwapa vyeo. Ibn Battuta akafanywa kadhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka, ingawa lugha ya Kiajemi iliyotumika mahakamani hakuijua vizuri, ikabidi apewe wasaidizi wawili. Alitumia zaidi ya alichopata. Madeni yalifika dinari 55,000 na sultani akamlipia. Lakini langoni pa jumba lile hapakukosa maiti. Sheikh mmoja aliyeishi pangoni nje ya mji alipogombana na sultani, akateswa na kuuawa, Ibn Battuta aliwekwa chini ya walinzi kwa sababu tu alikuwa amemtembelea. Siku tano alifunga bila kufuturu ila kwa maji, akisoma Kurani. Akaachiliwa, akagawa mali yake kwa maskini, akavaa nguo za kifakiri.

Ungedhani amekoma. Mwaka 1341 sultani alimwita tena, akamfanya balozi wa kwenda Uchina na zawadi za fahari, farasi mia moja wakiwemo. Njiani alitekwa na majambazi akanusurika. Mzigo ulipofika bandari ya Calicut ukapakiwa merikebuni, na yeye akabaki ufuoni ili asali Ijumaa kwanza. Usiku dhoruba ikavuma. Merikebu ya zawadi ikavunjika watu wakafa, na ile yenye mali yake ikatweka matanga ikaenda bila yeye. Alibaki na dinari kumi na zulia la kulalia. Kurudi Delhi kumweleza yule sultani? Thubutu!

Akakimbilia visiwa vya Maldives. Huko pesa zilikuwa kauri, zile simbi ndogo nyeupe ambazo baadaye zilisafiri hata Uganda na Afrika Magharibi. Walimfanya kadhi, akawa mkali kuliko wenyeji walivyozoea, akagombana nao hasa juu ya mavazi ya wanawake, na hakushinda. Alioa wake wanne huko, akawaacha alipoondoka. Hapo watu wa Kombewa tunaoishi karibu na Kit Mikayi, lile jiwe la mke wa kwanza, tuna haki ya kutabasamu. Mzee wa Kit Mikayi hadithi inasema alishinda pangoni akiwa ameacha wake nyumbani. Mzee wetu huyu aliacha wake katika nusu ya dunia.

Lakini si la kuchekesha peke yake. Huko Maldives alipata mtoto wa kiume. Alipopita tena baada ya muda akaletewa kumwona, mtoto wa miaka kama miwili. Akaona heri abaki na mama yake, akaondoka. Hakumwona tena.

Alipita Sri Lanka, Bengal na Sumatra akafika Uchina. Katika mji mmoja huko alikutana na tajiri mmoja Mwislamu, wakatazamana, kumbe ni mtu wa Ceuta, mji jirani kabisa na Tangier. Wakalia wote wawili. Miaka mingi baadaye, akiwa ukingoni mwa jangwa la Sahara, alipokelewa nyumbani kwa ndugu wa mtu huyo huyo. Mmoja Uchina, mmoja Sahara, na salamu zao zimebebwa na Ibn Battuta.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwaka 1348 alikuwa Dameski tena. Miaka 22 nyuma alikuwa ameacha mke mjamzito pale, na akiwa Uhindi alisikia amezaa mtoto wa kiume, hata akatuma dinari arubaini. Sasa akauliza habari za mwanawe, akaambiwa alikufa miaka 12 iliyopita. Akauliza habari za baba yake kwa mtu wa Tangier, akaambiwa amekufa miaka 15 iliyopita, ila mama yu hai.

Mwaka huo tauni kuu iliingia. Anasema Dameski walikufa watu 2,400 kwa siku moja. Watu wa mji walifunga siku tatu, kisha wakatoka nje asubuhi kwa miguu, viongozi wakiwa miguu mitupu, Waislamu na Kurani, Wayahudi na Taurati, Wakristo na Injili, wanawake na watoto, wote wakimlilia Mungu mmoja. Katika kurasa zote za safari zake sijaona nyingine inayonigusa kama hiyo. Sisi tuliokumbuka jinsi shule zilivyofungwa Machi 2020 tunaelewa zaidi kuliko waliotutangulia.

Alifika Fez mwezi wa Novemba 1349. Njiani, akiwa karibu kabisa kufika, alipata habari kwamba mama yake amekufa kwa tauni. Akaenda Tangier kuzuru kaburi.

Alisafiri tena Hispania, na mwaka 1352 akavuka Sahara kwenda Mali. Alipita Taghaza, mji ambao nyumba zake na msikiti wake vilijengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Kwa mfalme Mansa Sulayman aliambiwa zawadi yake inakuja, akasimama akitazamia nguo na fedha, ikaja mikate mitatu, kipande cha nyama na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka. Lakini aliusifu usalama wa nchi ile na haki yake, kwamba msafiri hakuogopa mwizi. Usiku mmoja kando ya mto Niger aliona wanyama wakubwa kumi na sita, akadhani ni tembo. Kumbe viboko! Mtoto yeyote wa ufuoni hapa angemwambia, tena angemvuta nguo wakimbie. Alirudi kwao na msafara uliobeba watumwa wa kike 600. Hilo nalo amelitaja na kupita.

Mfalme Abu Inan wa Moroko akaamuru safari zile ziandikwe. Ibn Battuta akasimulia, karani Ibn Juzayy akaandika, na kitabu kikakamilika mwezi wa Desemba 1355. Wanaohesabu husema alitembea kilomita kama 117,000. Ule mstari wa ikweta tunaoupita pale Maseno, ukiufuata kuzunguka dunia yote utapata kilomita 40,000 tu. Basi fanya hesabu.

Huko Fez wengi walimwona mwongo. Mwanahistoria mkubwa Ibn Khaldun ameeleza jinsi watu wa ikulu walivyonong'ona, mpaka waziri mmoja akamwonya asikanushe jambo kwa sababu tu hajaliona. Wataalamu wa leo wamegundua kwamba sehemu fulani, kama maelezo ya Makka na Dameski, zilichukuliwa kutoka kitabu cha Ibn Jubayr aliyetangulia. Safari nyingine tarehe hazilingani. Hata hivyo Mogadishu, Mombasa na Kilwa hakuwa na wa kumnakili. Kwa pwani yetu ya karne ile, yeye ni karibu shahidi pekee aliyefika kwa miguu yake na habari zake zikaandikwa.

Alimaliza maisha yake akiwa kadhi katika mji mmoja wa Moroko, akafariki mwaka 1368 au 1369. Kitabu chake kilisahauliwa nje ya nchi za Kiarabu mpaka karne ya 19, nakala zilipopatikana Algeria na kuchapishwa Paris kati ya 1853 na 1858. Uwanja wa ndege wa Tangier sasa una jina lake. Habari za Mombasa humo hazijai ukurasa mmoja: ndizi, samaki, visima, mbao, miguu iliyooshwa. Aliyempa mahali pa kulala usiku ule hakumtaja.